Imamu Ghazali, Yatima wa Msokota Sufu

Katika nchi ya Khurasani, upande wa kaskazini mashariki wa Iran ya leo, palikuwa na wilaya iliyoitwa Tus. Haikuwa na fahari ya Baghdad wala ya Nishapur. Ilikuwa na miji miwili isiyo mikubwa, Tabaran na Nawqan, na kuizunguka miji hiyo vilikuwako vijiji vingi vya wakulima na wafugaji, watu walioishi kwa kazi ya mikono yao. Leo Tabaran ni magofu, karibu na mji wa Mashhad. Huko ndiko alikozaliwa, mwaka wa 450 wa Hijra kwa kauli iliyo mashuhuri, sawa na mwaka 1058, mtoto aliyeitwa Muhammad, ambaye baadaye ulimwengu wa Kiislamu ulimjua kwa jina la Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, na ukampa lakabu ya Hujjatul Islam, yaani Hoja ya Uislamu.

Baba yake naye aliitwa Muhammad. Kazi yake ilikuwa kusokota sufu na kuiuza katika duka lake hapo Tus. Wengi husema kwamba jina la Ghazali limetokana na kazi hiyo, kwa kuwa msokota nyuzi kwa Kiarabu huitwa ghazzal. Na wako wanaolinasibisha na kijiji kiitwacho Ghazala. Ama mzee huyo, waandishi wa tarikh za wanazuoni wa Kishafii wamemsifu kwa mambo mawili. La kwanza, hakupata kula ila kilichotoka katika jasho lake. La pili, alikuwa mtu wa kuandama vikao vya elimu ingawa yeye mwenyewe hakupata elimu. Akifunga duka lake alikwenda kwa mafakihi, akakaa nao, akawatumikia, na akawapa alichoweza kukitoa. Akiwasikia wakisoma, alilia na kumwomba Mwenyezi Mungu amruzuku mtoto atakayekuwa fakihi. Kisha alikwenda kwenye vikao vya mawaidha, akalia vilevile, na kumwomba Mola wake amruzuku mtoto atakayekuwa mwenye kuwaidhi watu. Akaruzukiwa watoto wawili wanaume, Muhammad na ndugu yake Ahmad.

Watoto hawa walikuwa wangali wadogo baba yao aliposhikwa na maradhi ya mauti. Alikuwa na rafiki yake mmoja, mtu wa tasawufi, fakiri, mwema. Akamwita na kumuusia. Alimweleza kuwa katika maisha yake amesikitika sana kwa kutojifunza kuandika, na kwamba anataka kilichompita yeye wakipate wanawe hawa wawili. Akamkabidhi watoto, na akamkabidhi na kile kidogo alichokiacha, na akamruhusu akitumie chote katika kuwasomesha, hata kama hakitabaki kitu. Kisha akafariki.

Yafaa msomaji asimame kidogo hapa na kuutazama wasia huu. Msokota sufu hakuagiza wanawe wanunuliwe duka la pili, wala hakuagiza mali yao iwekwe mpaka wakue waigawe. Alijua kuwa mali yenyewe ni haba, na kwamba mali haba ikiwekwa huliwa na siku. Akaona heri iliwe na elimu. Na yule aliyekabidhiwa hakuwa tajiri, wala hakuwa jamaa wa damu. Alikuwa rafiki tu. Lakini akaishika amana kama ilivyompasa. Akawafundisha watoto, akawalea, na akawatumia fedha yao katika kusoma kwao na kula kwao, mpaka siku ilipofika ikaisha yote.

Ilipoisha, yule mzee hakuwaficha. Aliwakalisha wale watoto wawili akawapa hesabu, kama mtu anavyompa hesabu mshirika wake. Akawajulisha kuwa kila kilichokuwa chao amekwisha kukitumia kwao, na kwamba yeye ni mtu aliyejitenga na dunia, hana mali ya kuwasaidia. Kisha akawapa shauri: aliona lililo bora kwao ni kwenda kwenye madrasa na kujiunga na wanafunzi, ili wapate humo riziki ya kuwasaidia katika wakati wao.

Wangapi katika mawasii wanaweza kutoa hesabu ya namna hiyo? Sura ya Nisaa imelizungumza jambo la mali ya mayatima kwa ukali ambao kila Mwislamu anaujua, na sababu ya ukali huo inajulikana katika kila mji na kila kijiji. Shamba la yatima huanza kwa kulimwa na ami yake kwa jina la kumsaidia, na mtoto akikua hukuta mipaka imehama. Ng'ombe watatu walioachwa na marehemu huzaa zizini mwa mtu mwingine. Wala si kila mara jambo hilo hufanywa na watu waovu. Mara nyingi hufanywa na watu wa kawaida ambao hawakuandika kitu, na siku zilipopita wakasahau kilicho chao na kisicho chao. Sufi wa Tus hakusahau. Hata jina lake halikuhifadhiwa na tarikh, lakini hesabu yake imehifadhiwa kwa zaidi ya miaka mia tisa, kwa kuwa Ghazali mwenyewe alikuwa akiisimulia kisa hicho alipokuwa mtu mzima.

Ni lazima ielezwe madrasa za zama zile zilikuwa vipi, kwa sababu bila ya kulijua hilo shauri la yule mzee halifahamiki. Madrasa haikuwa darasa tu. Ilikuwa ni nyumba yenye vyumba vya kulala wanafunzi, na ilisimama kwa wakfu. Mtu mwenye uwezo aliweka wakfu ardhi, au maduka, au nyumba ya kushukia wasafiri, na mapato ya mali hiyo yakatumika kumlipa mwalimu, kuwalisha wanafunzi na kulitengeneza jengo. Mwanafunzi hakuulizwa baba yake ni nani wala ana nini. Aliulizwa kama anataka kusoma. Katika Khurasani madrasa kama hizo zilikuwako tangu zamani, na zikazidi sana katika zama za waziri Nidham al-Mulk, ambaye naye alizaliwa katika wilaya hiyohiyo ya Tus mwaka 1018, akawa waziri wa masultani wawili wa Kiseljuki, Alp Arslan na Malikshah. Waziri huyu alijenga madrasa zilizoitwa kwa jina lake, Nidhamiya, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Baghdad iliyofunguliwa mwaka wa 459, sawa na 1067. Wako wanazuoni wanaomhesabu kuwa ndiye wa kwanza kuwawekea wanafunzi posho maalumu.

Basi wale yatima wawili wakaingia madrasa kwa ajili ya mkate. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Ghazali hakulionea haya. Alikuwa akieleza kuwa wao waliiendea elimu kwa makusudio mengine yasiyokuwa Mwenyezi Mungu, lakini elimu yenyewe ilikataa kuwa ya mwingine asiyekuwa Yeye. Watu wengi hulikumbuka neno hilo kwa sababu ya nusu yake ya mwisho. Lakini nusu yake ya kwanza nayo ina haki ya kukumbukwa. Mtoto mwenye njaa hawezi kutakiwa awe na nia safi kabla hajala. Aliyeuweka wakfu ule, na mpishi aliyegawa chakula kile, hawakuipima nia ya mtoto wa msokota sufu. Walimlisha, na nia ikaja baadaye.

Mwalimu wake wa kwanza wa fikihi alikuwa mwanachuoni wa huko huko Tus, Ahmad Al-Radhakani. Alipokuwa kijana akasafiri kwenda Jurjan, karibu na bahari ya Kaspiani, kusoma kwa mmoja wa maulamaa wa mji ule. Akaandika kila alilosomeshwa katika madaftari. Alipokuwa njiani kurudi kwao, msafara wake ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu wakaenda zao. Ghazali akawafuata. Mkubwa wao akageuka akamwonya arudi, la sivyo ataangamia. Kijana akamsihi amrudishie kitu kimoja tu ambacho kwao hakina faida, nacho ni yale madaftari yaliyomo katika mfuko wake, kwani aliihama nchi yake kwa ajili ya kuyaandika na kuyajua yaliyomo. Yule mnyang'anyi akacheka. Akamuuliza vipi adai kuijua elimu ile, na hali wao wamemchukulia mfuko akabaki bila ya elimu. Kisha akaamuru arudishiwe.

Ghazali alilihesabu neno la mnyang'anyi yule kuwa ni nasaha aliyopelekewa na Mwenyezi Mungu. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, mpaka ikawa lau angenyang'anywa tena asingebaki mtupu. Yatima hujua mapema kuliko watoto wengine kwamba vitu huondoka.

Baada ya hapo akaenda Nishapur, akasoma kwa Imamul Haramain Al-Juwaini, aliyekuwa mkubwa wa maulamaa wa Kishafii katika zama zake na mwalimu wa Nidhamiya ya mji ule. Akawa katika wanafunzi wake waliotangulia mbele ya wenzao, akasoma fikihi, usuli, mantiki na ilmul kalam, akaanza kuandika vitabu mwalimu wake yu hai. Al-Juwaini alipofariki mwaka wa 478, sawa na 1085, Ghazali akatoka kwenda kwa waziri Nidham al-Mulk, ambako maulamaa walikuwa wakikusanyika na kujadiliana, akawashinda. Mwaka wa 484, sawa na 1091, waziri akampeleka Baghdad kuwa mwalimu wa Nidhamiya. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne tu kwa hesabu ya Hijra. Mtoto aliyeingia madrasa kutafuta chakula sasa alikuwa amekalia kiti kikubwa kuliko viti vyote vya madrasa katika dola, na mbele yake walikaa wanafunzi mia tatu.

Habari za Baghdad zimeandikwa katika vitabu vingi, wala hapana haja ya kuzirefusha. Alipata jaha, mavazi, mali, na kauli yenye kusikilizwa na Khalifa na wakubwa wa dola. Aliandika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa. Mwaka wa 485, sawa na 1092, Nidham al-Mulk aliuawa, na baada ya wiki chache Sultani Malikshah naye akafa, nchi ikaingia fitina. Lakini fitina iliyomshinda Ghazali haikuwa ya masultani. Ilikuwa ya nafsi yake. Aliitazama kazi yake ya kufundisha, ambayo ndiyo bora ya kazi zake, akaiona haikutakasika kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichoisukuma kilikuwa ni kutafuta jaha na kuenea kwa sifa. Siku moja akaazimia kutoka Baghdad, siku ya pili akaghairi. Akakaa katika hali hiyo karibu na miezi sita tangu mwezi wa Rajabu mwaka wa 488, sawa na Julai 1095. Kisha ulimi wake ukafungika. Akawa anajitahidi kufundisha siku moja ili kuwaridhisha wanaokuja kwake, na neno halitoki. Chakula hakikupita kooni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa ni jambo lililoshuka moyoni na kutoka hapo likaenea mwilini.

Mwezi wa Dhulqaada wa mwaka ule akatoka. Alidhihirisha kuwa anakwenda Makka, na ndani ya moyo wake amenuia Sham. Nduguye Ahmad akakaa mahali pake kufundisha. Mali aliyokuwa nayo akaigawa, asibakishe ila kadiri ya haja yake na chakula cha watoto wake. Na hapa pana jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Alipoeleza baadaye kwa nini alijiruhusu kubakisha chakula hicho cha watoto, alitaja kuwa mali ya Iraki imewekwa kwa maslaha ya watu, kwa kuwa ni wakfu juu ya Waislamu, na kwamba hakuona duniani mali ifaayo zaidi kuliko hiyo kwa mwanachuoni kuwalishia ahali zake. Mtu aliyekuwa anaikimbia dunia yote aliona halali kitu kimoja, nacho ni kile kile kilichomlisha yeye na nduguye utotoni. Hakutaka watoto wake wawe mayatima na hali baba yao yu hai.

Akakaa Damascus, akiitikafu katika msikiti wake mkuu, akipanda juu ya mnara na kujifungia mchana kutwa. Akaenda Baitul Maqdis, kisha Al-Khalil kulizuru kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.), na hapo, mwaka wa 489, akaahidi mambo matatu: hataingia kwa sultani yeyote, hatapokea mali ya sultani yeyote, wala hatashindana na mtu katika mijadala. Kisha akahiji. Katika miaka hiyo ndipo alipokuwa akikitunga kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din. Mwishowe, kama alivyoeleza mwenyewe, wito wa watoto ukamvuta arudi kwao. Akarudi Tus.

Hapana nafasi hapa ya kuieleza Ihya. Waislamu wa Afrika Mashariki wameipokea kwa mikono ya masharifu na masheikh wenye asili ya Hadhramaut, ambao waliipenda na kuihimiza kuliko vitabu vingi. Na hata fikihi wanayoisoma haiko mbali naye, kwa kuwa kitabu chake Al-Wajiz ndicho alichokisherehesha Imamu Rafii, na sherehe hiyo ndiyo aliyoifupisha Imamu Nawawi katika Raudha. Naye ni Nawawi huyuhuyu mwenye Minhaj, inayosomwa mwambao na bara. Lakini ziko sehemu mbili za Ihya zinazoingia moja kwa moja katika habari hii.

Moja ni ile aliyoeleza wajibu wa mwalimu. Wajibu wa kwanza aliouweka ni kuwahurumia wanafunzi na kuwafanya kama wanawe. Na alifika hadi kuifanya haki ya mwalimu kuwa kubwa kuliko haki ya wazazi wawili, kwa sababu mzazi ni sababu ya maisha haya yenye kwisha, na mwalimu ni sababu ya maisha yenye kubaki. Wajibu wa pili ni kutotaka ujira juu ya elimu, kwa kumfuata Mtume (s.a.w.). Maneno hayo yakiandikwa na mtu aliyelelewa na baba yake mpaka ukubwani huwa ni fikra nzuri. Yakiandikwa na mtu ambaye hakuwa na baba ila waalimu, huwa ni ushahidi.

Ya pili ni ile aliyoeleza malezi ya mtoto mdogo. Aliutaja moyo wa mtoto kuwa ni johari safi isiyochorwa kitu, na mtoto mwenyewe kuwa ni amana mikononi mwa wazazi wake. Akaeleza adabu ya kula, ya kuvaa, ya kukaa na watu. Kisha akaongeza jambo ambalo waalimu wakali wa vyuo wangefaidika kulisoma: kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri, apumzike na taabu ya kusoma, kwani kumzuilia mchezo na kumbebesha masomo daima huua moyo wake na kuudumaza werevu wake, mpaka akatafuta hila ya kukikimbia chuo kabisa.

Kadhalika aliporudi Tus aliandika kwa Kiajemi kitabu cha Kimiya-yi Saadat, kinachokusanya mengi ya yaliyomo katika Ihya, kwa ajili ya watu wa kawaida wasiojua Kiarabu. Imamu ambaye Kiarabu chake kilisifiwa Baghdad hakuona upungufu kuandika kwa lugha ya sokoni kwao, lugha ambayo msokota sufu angeifahamu.

Mwaka wa 499, sawa na 1106, Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nidham al-Mulk, alimshikilia sana arudi kufundisha katika Nidhamiya ya Nishapur. Akakubali, akafundisha kwa muda, kisha akarudi tena Tus. Kando ya nyumba yake akajenga madrasa ya wanafunzi na zawiya ya masufi, akazigawa saa zake baina ya kuhitimu Kurani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha. Haikuwa Nidhamiya. Hapakuwa na Khalifa karibu, wala wajumbe wa wafalme. Ilikuwa ni madrasa ya mkoani, katika wilaya ambayo mtoto wake mmoja aliwahi kutafuta mahali pa kula na kusoma.

Hapo ndipo ulipomjia mtihani wa mwisho. Mwaka wa 504, sawa na 1110, alifariki mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, Al-Kiya Al-Harrasi, aliyesoma pamoja na Ghazali kwa Al-Juwaini. Wakubwa wa dola wakaona kuwa hakuna wa kukijaza kiti kile ila Ghazali. Waziri wa zama hizo, naye mtoto mwingine wa Nidham al-Mulk, akamwandikia kumtaka aje, na akamjulisha kuwa Baghdad nzima inamngoja.

Ghazali akajibu kwa barua ya Kiajemi, kwa adabu, na akakataa. Alitaja udhuru zake. Kwamba Baghdad hapakosi mijadala, naye ameahidi kwenye kaburi la Nabii Ibrahim kuiacha, na kuacha mali ya masultani. Kwamba alipokwenda Baghdad mara ya kwanza hakuwa na ahali, na sasa ana ahali na watoto ambao hawawezi kuhamishwa. Kwamba anacho kishamba kidogo hapo Tus, ambacho, kwa kubana matumizi, kinamtosha yeye na watoto wake, na akiondoka kitaharibika. Lakini udhuru alioutanguliza ulikuwa mwingine. Alieleza kuwa hapo Tus anao wanafunzi mia na hamsini, watu wa uchaji, wanaosoma kwake, na hawawezi kuhamia Baghdad. Waziri alikuwa ameona kuwa Baghdad faida itaenea kwa watu wengi zaidi. Ghazali akamjibu kwa mfano. Kuwaacha hawa kwa kutaraji wengi zaidi mahali pengine, aliandika, ni kama mtu ambaye mayatima kumi wako katika ulezi wake, akawaacha wapotee kwa tumaini la kwenda kuwalea mayatima ishirini mahali pengine, na hali mauti na maafa yanamfuata nyuma.

Kati ya mifano yote ambayo mwanachuoni wa daraja yake angeweza kuichagua, huo ndio uliomjia. Alikuwa amekwisha pita miaka hamsini. Alikuwa amejadiliana na wanafalsafa, amekaa na makhalifa, ametembea Sham na Hijazi. Na alipotaka kueleza kwa nini hawezi kuwaacha wanafunzi wa wilaya yake, alifikiri juu ya mlezi na mayatima walio mikononi mwake. Hesabu ya waziri ilikuwa sahihi kwa namna ya hesabu: ishirini ni wengi kuliko kumi. Lakini yule sufi fakiri naye angeweza kupiga hesabu ya namna hiyo zamani, akaona kuwa watoto wawili wa rafiki yake si kitu mbele ya ibada zake na watu wengi wanaomhitaji.

Hakwenda Baghdad. Akabaki Tus na wanafunzi wake na kishamba chake. Katika siku zake za mwisho aliielekea elimu ya Hadithi, ambayo aliona hakuipa haki yake, akakaa mbele ya wenye kuijua kama mwanafunzi, akisoma Sahihi ya Bukhari na ya Muslim.

Siku ya Jumatatu tarehe 14 ya Jumada ya Pili mwaka wa 505, yaani mwezi wa Disemba mwaka 1111, asubuhi mapema, alitawadha akasali. Kisha akataka aletewe sanda yake. Nduguye Ahmad ndiye aliyeisimulia habari hii, yule mtoto wa pili wa msokota sufu, ambaye dua ya baba yake ilitakabaliwa kwake kwa kuwa mwenye kuwaidhi mashuhuri. Alieleza kuwa Imamu aliichukua ile sanda akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akatamka kuwa amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Akanyosha miguu yake, akaelekea kibla, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa amekwisha fariki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Akazikwa Tabaran.

Hakuacha watoto ila mabinti. Watu walitaka kuwapa mali, kama alivyokuwa akipewa yeye mwenyewe katika uhai wake; lakini yeye hakuwa akipokea, akitosheka na kile alichokirithi na alichokichuma, kilichotosha chakula cha ahali zake bila ya kumnyoshea mtu mkono.